Mjomba, Nihamie Wapi?



Ramadhani iliyopita mpwa wangu aliyeko Maskati alinipigia simu baada ya tarawehe, sauti imemkauka kama mtu aliyefiwa. Nikashtuka, nikadhani mama yake ana jambo. Kumbe tovuti aliyokuwa akitazamia katuni za Kijapani na tamthilia za Kikorea imetoweka. Siku moja kabla ilikuwapo, siku ya pili ukiiita unapata ukurasa mweupe. Ndani yake alikuwa ameweka orodha ya kila alichokitazama kwa miaka 6, na alipoishia, na maoni aliyoandikiana na wenzake ambao hajapata kuwaona kwa macho. Vyote vimekwenda na maji. Akaniambia, "Mjomba, wewe injinia. Zipo nyingine kumi zinazofanana nayo. Nihamie wapi?"

Nilikaribia kumjibu kwa jina moja la tovuti nikalale. Lakini swali lile lilinikaa, kwa sababu niliwahi kulisikia likiulizwa dukani kwa kaka yangu, Dar es Salaam, kabla mpwa wangu hajazaliwa. Nikamwahidi kwamba nitamwandikia. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya gazeti letu.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, na Dar es Salaam kulikuwa na watu waliosimamisha milingoti mirefu juu ya mapaa ili kuinasa kutoka ng'ambo ya bahari. Sisi wengine tulikwenda sinema: Empire, Avalon, Odeon, Cameo. Filamu ziliingizwa nchini kupitia shirika la umma, Tanzania Film Company, lililoundwa mwaka 1968, na fedha za kigeni zilipokuwa haba, filamu nazo zilikuwa haba. Picha moja ya Bruce Lee ilizunguka nchi nzima hadi utepe wake ukawa na mikwaruzo kama mvua. Enter the Dragon ilitoka mwaka 1973, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki, lakini mimi niliitazama miaka ya themanini, na kwetu sisi watoto wa Kariakoo alikuwa bado hai, kwani nani angetuambia?

Kwa nini Hong Kong? Kampuni za kule, Shaw Brothers na Golden Harvest, hii ya pili ikiwa imeanzishwa mwaka 1970, zilitengeneza filamu nyingi na kuziuza kwa bei nafuu katika nchi ambazo Hollywood haikuzijali sana. Halafu hadithi zenyewe hazikuhitaji Kiingereza. Mwalimu ameuawa, mwanafunzi analipiza kisasi. Kila mtu ukumbini alielewa, hata yule aliyelala usingizi katikati.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alifungua duka la kukodisha kanda za video mwaka 1986. Kanda zilikuja na mabaharia na wafanyabiashara kutoka Dubai na Maskati, nyingine zimenakiliwa mara tatu au nne kabla ya kufika kwetu. Hakuna aliyekuwa na leseni, na sidhani kama kulikuwa na mtu wa kumuomba hiyo leseni. Wateja walimpa amana, wakachukua kanda, na kila wiki mtu mmoja angefika kulalamika kwamba duka fulani la Magomeni limefungwa na kanda zake alizozizoea hazipo tena, sasa ahamie wapi. Hilo ndilo swali lenyewe.

Hapa niingize neno la fundi. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax ya Sony. Kunakili kanda ya namna hiyo ni kama kunakili barua kwa kalamu kutoka nakala ya mtu mwingine: kila mkono unaongeza makosa yake. Rangi nyekundu ndiyo huharibika kwanza, inamwagika nje ya mipaka ya midomo na nguo. Katika nakala ya tatu mistari midogo ya uso imepotea. Kisha kulikuwa na tatizo la mifumo. Japani na Marekani zilitumia NTSC, yaani mistari 525 na picha nusu 60 kwa sekunde. Uingereza, Oman na kwetu tulitumia PAL, mistari 625 na picha nusu 50. Kanda ya NTSC ukiitia katika mashine ya PAL ya kawaida unapata picha nyeusi na nyeupe inayopanda juu kama lifti mbovu. Jambo hili dogo la umeme liliamua mengi katika historia ninayoisimulia. Kijana wa California aliweza kuweka kanda iliyotoka Tokyo moja kwa moja katika mashine yake. Kijana wa Dar au wa London hakuweza.

Ndiyo maana mtandao wa kwanza mkubwa wa wapenzi wa katuni za Kijapani ulikua Marekani. Astro Boy ya Osamu Tezuka ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 1 Januari 1963, na mwaka huo huo ikafika televisheni za Marekani, lakini ilikatwakatwa na kubadilishwa majina, na watoto hawakujua ni ya Kijapani. Mwaka 1977 watu wachache wa Los Angeles wakaunda chama chao, Cartoon/Fantasy Organization, wakutane kutazama vipindi kama vilivyo. Walibadilishana kanda kwa posta na marafiki wa Japani: nitumie katuni ya roboti, nami nikutumie Star Trek. Hapakuwa na tafsiri. Mmoja mwenye kujua kidogo alisimama mbele ya seti akawaeleza wenzake kinachoendelea. Wasomaji wa Afrika Mashariki nadhani mmeshatabasamu, maana jambo hilo tunalijua, nitalirudia.

Mwishoni mwa miaka ya themanini ikapatikana kompyuta ya Amiga, iliyoanza kuuzwa mwaka 1985, pamoja na kifaa kiitwacho genlock. Kazi yake ni rahisi kueleza ingawa si rahisi kutengeneza: kinaifunga saa ya kompyuta na saa ya picha inayotoka katika kanda, ili maandishi ya kompyuta yakae juu ya picha bila kutetemeka. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa chuo chumbani kwake aliweza kutia tafsiri ya maandishi chini ya filamu. Vikundi vikaota kama uyoga. Ulituma kanda tupu na bahasha yenye stempu ya kurudishia, wakakunakilia bure. Juu ya picha waliandika kwamba kazi hii si ya kuuzwa wala kukodishwa, na wengi walikuwa na kanuni kwamba kampuni ikinunua haki ya kipindi, wao wanaacha kukisambaza. Kisheria haikuwatoa hatiani. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliruhusu mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye, haikuruhusu kugawa nakala kwa dunia. Lakini kanuni ile iliwapa heshima fulani, na kampuni nyingi ziliwafumbia macho, maana walikuwa wakizifanyia kazi ya kutafuta wateja bila malipo.

Kesi hiyo ya 1984, nikumbushe, ilikuwa dhidi ya Sony, kwa kosa la kuuza Betamax. Msomaji aliweke hilo akilini.

Huku Ghuba mambo yalikwenda njia nyingine. Katuni ya roboti Grendizer, ya kampuni ya Toei, iliyoonyeshwa Japani kati ya 1975 na 1977, ilitafsiriwa kwa sauti za Kiarabu Lebanon mwaka 1979, nchi ikiwa vitani. Wimbo wake uliimbwa na Sammy Clark, na dada yangu aliyehamia Maskati akiwa msichana anaukumbuka hadi leo kuliko nyimbo za harusi yake. Baadaye akaja Kapteni Majid, ambaye kwa Kijapani ni Tsubasa, mtoto wa mpira wa miguu katika hadithi aliyoianza kuichora Yoichi Takahashi mwaka 1981. Watoto wetu wa Maskati waliozungumza Kiswahili jikoni na Kiarabu shuleni walimchukua Majid kuwa Mwarabu mwenzao. Mwaka 2000 ikaanza stesheni ya Spacetoon, na mpwa wangu akajifunza Kiarabu fasaha humo kuliko darasani. Hii ilikuwa njia halali, ya kulipiwa, iliyopita mikononi mwa watafsiri na waigizaji walioajiriwa. Lakini nayo ilikuwa na bei yake: kilichoonekana hakifai kwa mila kilikatwa, mchumba akawa ndugu, kifo kikawa safari. Mpwa wangu alipokuwa na miaka 14 akagundua kwamba vipindi alivyovipenda vilikuwa na sehemu ambazo hakuwahi kuziona. Hapo ndipo alipoingia kwenye intaneti kuzitafuta, na nani angemlaumu?

Sasa nirudi kwa yule anayesimama mbele ya seti akieleza. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam alikuwapo mtu wa namna hiyo, na maarufu kuliko wote alikuwa Lufufu, jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala. Alizungumza juu ya filamu, mhusika mmoja baada ya mwingine, kwa sauti moja, akiongeza na methali zake na utani wake, na Mchina wa Hong Kong akajikuta ana shamba Morogoro. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana mavijei wao. Wataalamu wa sheria wakitazama wanaona wizi mara mbili: filamu imenakiliwa bila ruhusa, na juu yake imebandikwa sauti bila ruhusa. Mimi naona pia kazi ya kutafsiri ambayo hakuna shirika lililokuwa tayari kuilipia. Wale vijana wa Amiga wameandikwa vitabuni kama waanzilishi. Hawa wetu wanatajwa kama wachekeshaji. Sikubaliani.

Tafsiri rasmi ya Kiswahili ya tamthilia kutoka Mashariki ya Mbali ilichelewa mno. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Hesabu mwenyewe: tangu Bruce Lee hadi Doudou ni karibu miaka 40, na miaka yote hiyo watu waliotaka kutazama kwa lugha yao walikuwa na kibanda tu.

Katikati hapo kulikuwa na VCD. Wazungu wengi hawaijui, sisi tumelelewa nayo. Kiwango chake kilitolewa mwaka 1993: picha ya nukta 352 kwa 288 kwa mfumo wa PAL, dakika 74 kwa sahani moja, ndiyo maana filamu ilikuja kwa sahani mbili na ya pili ilikuwa haipatikani siku zote. Ubora ulikuwa kama wa VHS, pengine chini kidogo, lakini nakala ya elfu ilikuwa sawa na ya kwanza. Jambo hilo lilimmaliza kaka yangu. Kanda ilikuwa mali. Sahani ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Wachuuzi waliuza barabarani kwa bei aliyokuwa akikodishia yeye. Duka likafungwa mwaka 2001, na yeye akafariki 2003. Mimi nilikuwa huku Uingereza, nilikuja mwaka 1990 kusomea elektroniki, na niliporudi kwa matanga nikakuta kanda zaidi ya mia nne zimeota ukungu chumba cha uani.

Mwaka huo huo wa 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa programu ya BitTorrent, ambayo kila anayepakua anakuwa pia mgawaji. Naruto ilianza Japani Oktoba 2002, na kipindi cha kila wiki kilikuwa na tafsiri ya Kiingereza mtandaoni ndani ya siku chache, kazi ya vikundi vya wapenzi waliogawana majukumu: mmoja anatafsiri, mwingine anapanga muda wa maandishi, mwingine anakagua. Desemba 2004 kampuni ya Media Factory ya Tokyo ikawaandikia baadhi yao kupitia mawakili iwataka waache kazi zake. Ilikuwa ishara kwamba zile siku za kufumbiwa macho zinakwisha.

Mwaka 2006 wanafunzi waliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaanzisha Crunchyroll. Wengi wa watumiaji wa leo wanaijua kama nyumba ya kulipia, hawajui kwamba ilianza kwa kupokea video zilizopakiwa na watu wasio na haki nazo. Ilipata mtaji wa mamilioni ya dola hali ikiwa hivyo, na kampuni zilizokuwa zikinunua leseni kihalali zilikasirika, kwa haki kabisa. Kisha Januari 2009 ukaanza kutekelezwa mkataba wake na TV Tokyo: Naruto Shippuden ionekane kwa wanaolipia saa moja tu baada ya kuonyeshwa Japani, na video zisizo na ruhusa ziondolewe. Saa moja! Mimi nilikuwa nimesubiri miaka kumi kwa Enter the Dragon.

Naomba msomaji apime tukio hilo. Kilichokuwa kikivuta watu kwenye njia za pembeni hakikuwa ubure peke yake. Kilikuwa pia kusubiri, kukatwakatwa, na kunyimwa kabisa. Njia halali ilipotoa haraka na kikamilifu, watu wakalipa.

Upande wa Korea hadithi ni hiyo hiyo kwa nguo nyingine. Winter Sonata ilitoka KBS mwaka 2002 na mwaka uliofuata NHK ikaionyesha Japani, wanawake wa Kijapani wakapanda ndege kwenda kuona mahali ilipopigwa picha. Jewel in the Palace ikafuata 2003, Jumong 2006 yenye sehemu 81. Mwaka 2007 ukaanza mradi wa ViiKii, baadaye Viki, ambapo wapenzi wenyewe hutia tafsiri kwa lugha zao sentensi kwa sentensi. Kampuni ya Kijapani Rakuten ikainunua mwaka 2013, na watafsiri wa kujitolea wakabaki wa kujitolea. Hilo lina mjadala wake na siuingii leo. DramaFever ilianza 2009, ikauzwa kwa SoftBank 2014, kisha Warner Bros. 2016, na tarehe 16 Oktoba 2018 ikazimwa siku ile ile ilipotangazwa. Ilikuwa halali, yenye leseni, yenye wateja wanaolipa, na ilizimika kama taa ya kibatari.

Kwa hiyo mpwa wangu asidhani kwamba kutoweka ni tabia ya maharamia tu. Maharamia wametoweka pia, naam: KissAnime tarehe 14 Agosti 2020, 9anime, iliyojiita AniWave mwaka 2023, ikafa Agosti 2024, Zoro ikawa Aniwatch Julai 2023 na HiAnime Machi 2024, ikibadili majina kama mtu anayekimbia deni. Huko China kikundi kikubwa cha kutafsiri filamu za nje, Renren Yingshi, kilivamiwa na polisi mwaka 2021, na mwanzilishi wake akahukumiwa miaka 3 na nusu. Lakini tazama na upande wa pili. Sony, ile ile ya Betamax, ilinunua Funimation mwaka 2017 na Crunchyroll mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.175. Ikaziunganisha, na Funimation ikafungwa tarehe 2 Aprili 2024. Watu walionunua DVD zenye namba ya kuwapa nakala ya mtandaoni, waliyoahidiwa kuwa nayo daima, wakaambiwa nakala hizo hazihamishwi. Kampuni iliyoshtakiwa mwaka 1976 kwa kumwezesha mtu kuweka picha nyumbani kwake, leo ndiyo inayomiliki ghala ambalo humo huwezi kuweka chochote. Silalamiki, nastaajabu tu.

Mpwa wangu aliniuliza pia kwa nini kipindi kinapatikana Marekani na Uingereza lakini Maskati kinasema "hakipo katika eneo lako". Sababu iko katika namna katuni hizi zinavyogharimiwa. Kazi moja humilikiwa na kamati ya kampuni kadhaa, mchapishaji, stesheni, kampuni ya muziki, ya vitu vya kuchezea, na kamati hiyo huuza haki nchi kwa nchi, lugha kwa lugha. Soko dogo likikosa mnunuzi, halipewi. Hakuna anayewachukia watu wa Oman au Tanzania. Hakuna aliyeketi mezani kwa niaba yao, basi.

Sasa swali la tovuti mbadala zenyewe. Nilimweleza kwanza jinsi zinavyojengwa. Nyingi hazina video hata moja. Ni orodha tu, duka la vitabu lisilo na vitabu, na kila ukibonyeza unapelekwa seva ya mtu mwingine katika nchi nyingine, ambako video imekatwa vipande vya sekunde chache chache vinavyoletwa kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana zikifungwa hufufuka haraka: orodha ni nyepesi kuihamisha. Ndiyo maana pia orodha yako ya miaka 6 hufa nayo, kwani mwenye duka akikimbia habebi daftari la wateja. Na mara tu jina lililopendwa likifa, hujitokeza majina kumi yanayofanana nalo, herufi moja imeongezwa, rangi zile zile. Haya ndiyo ya kuogopwa kuliko lile la kwanza. Aliyeyajenga hana haja na katuni. Ana haja na wewe uliyetoka kufiwa na unayebonyeza bila kufikiri. Kitufe kikubwa cha "tazama" si cha kutazamia. Likikuomba upakue programu ili uone video, ondoka. Likikuomba namba ya kadi "kuthibitisha umri", ondoka mbio. Neno la siri ulilolitumia kwenye tovuti iliyokufa, libadilishe popote ulipolitumia pengine, maana hujui daftari lile limeuzwa kwa nani. Jirani yangu hapa, mtu mzima na mhasibu, alipoteza pauni 300 kwa njia hii akitafuta mechi ya mpira, na hadi leo mkewe anadhani alinunua matairi.

Akasema, "Basi unataka nilipe kila mahali, mjomba?" Hapana. Nilimwambia tukae tutafute kila kipindi anachokitaka kiko wapi kwa haki, na tukaanza usiku ule ule, yeye na simu yake, mimi na kompyuta yangu. Tuligundua kwamba karibu theluthi mbili ya orodha yake, kwa kadiri alivyoikumbuka, ilikuwa inapatikana Maskati kihalali, baadhi bure pamoja na matangazo. Wenye haki wa Asia wameweka vipindi vizima kwenye YouTube, ingawa nyingi kati ya hizo zimefungiwa nchi za huko. Akachagua huduma mbili za kulipia, akagawana gharama na mama yake, ambaye tamthilia za Kikorea anazitazama kuliko yeye ila hakiri. Vipindi vitatu alivyovipenda mno akaagiza diski. Nikamwambia aangalie namba ya eneo kabla ya kulipa, asije akarudia kosa la NTSC na PAL.

Theluthi moja iliyobaki haikupatikana popote. Ni vipindi vya zamani, ambavyo kampuni zake zimekufa au haki zake zimegawanyika hadi hakuna anayeshughulika. Hapo sikuwa na jibu safi. Mimi ndugu ya mtu aliyelisha familia kwa kanda zisizo na leseni, na ada yangu ya mwaka wa kwanza Uingereza ilitoka kwa sehemu katika duka lile. Siwezi kumhubiria mtoto kutoka juu ya mimbari hiyo. Lakini pia nimeona mwaka 2017 wasanii wetu wa filamu za Kiswahili wakiandamana Kariakoo dhidi ya filamu za nje zinazouzwa kiholela, zikiwaua sokoni, na nikajua kwamba wanaandamana, kwa namna fulani, dhidi ya kaka yangu. Nilimwambia mpwa wangu yote mawili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema orodha yake mpya ameiandika katika daftari la karatasi.

Kuhusu zile kanda mia nne: nyingi tulizitupa. Niliokoa kumi na mbili nikaja nazo huku. Moja ina maandishi ya kaka kwa kalamu ya wino, "Irudishwe Jumamosi", na ndani yake ni filamu ya Hong Kong ambayo yeye mwenyewe amezungumza juu yake kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, akijaribu kumwiga Lufufu. Ndiyo sauti yake pekee tuliyonayo. Ukungu nimeusafisha kwa uangalifu, utepe unaonekana mzima, lakini mashine yangu ilikufa mwaka jana kichwa chake kikiwa kimekwisha kabisa, na sitaki kuijaribia katika mashine nisiyoiamini. Kama kuna msomaji mwenye mashine ya VHS ya mfumo wa PAL iliyo katika hali njema, tafadhali anifahamishe kupitia kwa mhariri. Nauli na chakula juu yangu.